Mdogo wangu anataka kuwa muongoza ndege, hivi ile kazi inataka akili ya namna gani?

MamaJ_Ipagala

Habari za jioni wakuu. Nina mdogo wangu wa kiume kamaliza form six PGM mwaka huu, nakaa naye hapa Ipagala, Dodoma, na toka habari za uwanja mpya wa ndege wa Msalato zianze kichwani kwake kuna kitu kimoja tu, anataka kuwa muongoza ndege. Hesabu anaziweza kweli, ila ukimtuma dukani vitu vitatu akakutana na rafiki njiani anarudi na kimoja. Baba mdogo anasema ile kazi ni kama trafiki wa pale barabarani tu, ukizoea umezoea, shangazi naye anasema watu wanachanganyikiwa kule mnarani wanakoongozea ndege kwa presha. Naombeni anayeijua kazi yenyewe aniambie ukweli, mtu anayesahausahau anaweza kufundishika? Sitaki nimvunje moyo bure, ila pia sitaki nimsukume aende sehemu ambayo uzembe wake utakuja kuua watu.

Mstaafu wa Mnarani

Dada, hiyo kazi nimeifanya mpaka nastaafu, viwanja vya mikoani kwanza halafu Dar. Baba mdogo mwambie trafiki akizidiwa ananyoosha mkono magari yote yanasimama, anapumua, anapanga upya. Ndege haisimami hewani. Hata ukimwambia rubani azunguke asubiri bado anachoma mafuta na bado anakwenda, kwa hiyo wewe akili yako lazima iwe dakika kumi mbele ya pale ndege ilipo, wakati mdomo unaongea na ndege nyingine na mkono unaandika habari za ya tatu.

Chukua asubuhi moja wakati wa Bunge la bajeti hapa Dodoma. Ndege ya abiria inakuja kutoka Dar, inaanza kushuka. Kuna kandege kadogo kanapita kwenda Tabora. Nyingine iko chini imewasha injini, inataka kurudi Dar, maana yake itakutana uso kwa uso na ile inayokuja. Kama huna rada huyu wa chini unamruhusu aondoke lakini unamzuia asipande, abaki angalau futi 1,000 chini ya yule anayekuja, mpaka uhakikishe wameshapishana ndo unamwachia. Katikati ya hapo simu ya Dar inalia wanakupa makadirio ya saa ya kufika kwa ndege nyingine, na makadirio hayo hayako kwa saa zetu, anga yote inatumia UTC, yaani saa moja ya dunia nzima, saa nne asubuhi ya hapa kule ni 0700. Kwa hiyo gari la zimamoto unaliambia saa nne, rubani unamwambia 0700, na hutakiwi kuchanganya hata mara moja.

Sasa kwenye hilo la kusahau nataka unisikilize vizuri. Kila ndege ina stripu yake, kipande cha karatasi kwenye kishikio cha plastiki, kinakaa ubaoni mbele yako (siku hizi sehemu nyingi iko kwenye skrini lakini mambo ni yale yale). Ukimwambia rubani shuka mpaka futi 9,000 unaandika hapo hapo wakati unaongea, na ule urefu wa zamani hauukati mpaka yeye mwenyewe aseme ameuacha. Gari la ukaguzi likiingia kwenye ranwei, ile njia ya ndege kurukia na kutua, unaweka alama ubaoni kwamba ranwei ina mtu, hata kama unaliona kwa macho yako dirishani. Rubani naye anarudia maelekezo yote na wewe unasikiliza alivyosema, sio ulivyotegemea aseme, na hapo ndipo wengi wanapoteleza kwa sababu sikio linapenda kusikia kile ambacho kichwa kilishakipanga. Hii yote imewekwa kwa sababu inajulikana binadamu anasahau. Mtu wa hatari mnarani sio anayesahausahau, ni yule anayejiamini kwamba yeye hasahau, kwa hiyo haandiki.

Tarehe 1 Februari 1991 pale Los Angeles, mwenzetu mmoja wa kike aliiweka ndege ndogo kwenye ranwei isubiri kuruka. Akaja akasumbuka na ndege nyingine ambayo ilikuwa haipatikani kwenye redio, akaitafuta, na ile iliyosimama kwenye ranwei ikamtoka kichwani, akairuhusu Boeing 737 itue pale pale. Walikufa watu 35. Wachunguzi hawakusema tu huyu dada alisahau basi, walisema mfumo wa kazi pale uliachia kila kitu kitegemee kumbukumbu ya mtu mmoja.

kaka_wa_Nkuhungu

Shikamoo mzee, nimejifunza. Mimi sio mtu wa ndege, nimesoma saikolojia chuoni, na kuna kitu nataka kuongeza kwa dada kwa sababu wote tunawaza ule wakati wa bize. Mwaka 1948 Norman Mackworth wa Uingereza alitoa majibu ya jaribio lake, watu wanaangalia mshale unaozunguka kama wa saa kwa masaa mawili, mara chache sana unaruka hatua mbili badala ya moja, kazi yako ni kuuona tu huo mruko. Alilifanya kwa ajili ya waliokuwa wanakaa kwenye skrini za rada wakati wa vita. Ndani ya nusu saa ya kwanza tu watu walianza kuukosa, na hakuna aliyekuwa amelala wala mgonjwa! Kwa hiyo mimi ningemwangalia dogo anavyokuwa kwenye ukimya mrefu, sio anavyofanya mambo manne kwa pamoja. Uingereza sheria yao ni kwamba muongoza ndege hakai kwenye kiti zaidi ya masaa mawili bila kupata mapumziko ya nusu saa.

Mstaafu wa Mnarani

Marahaba kijana. Umesema kweli kabisa, mnara wenye ndege mbili saa tisa usiku ulikuwa unanitia wasiwasi kuliko mnara wenye kumi mchana. Usiku wa tarehe 1 Julai 2002 ndege mbili ziligongana juu ya Überlingen, Ujerumani, watu 71, wengi wao watoto. Anga ile ilikuwa inaongozwa kutoka Zurich, na sababu usiku ni mtulivu mwenzake alikwenda kupumzika, yule aliyebaki akawa anahudumia sehemu mbili peke yake, simu ziko kwenye matengenezo, halafu ikaja ndege iliyochelewa inataka kutua ikamkamata akili. Lawama za kumwagia mtu mmoja kwenye kitu kama hicho mimi huwa zinaniuma mpaka leo.

Mke wa Shifti

Naomba niseme na mimi maana mume wangu yuko kwenye hiyo kazi na hakuna anayetuuliza sisi wa nyumbani. Mume wangu akitoka usiku anarudi asubuhi watu wanamwona kalala mpaka saa nane mchana wanasema mvivu. Jirani anafungulia spika, vikao vya harusi vinaitwa saa nne, msiba ukitokea asipoonekana inakuwa maneno. Nilishawaambia wanangu na ndugu zake waziwazi kwamba baba hajalala kwa starehe, jioni kuna abiria 70 wanamtegemea. Na kuna lingine nimejifunza, habari ya ada, habari ya kiwanja chenye mgogoro, habari ya mama yake kuumwa, simwambii dakika anavaa viatu aondoke. Kama kweli ni zito lazima ajue basi namwambia mapema, na akiona hakutulia anapiga simu kwa msimamizi anasema leo siko sawa. Dada, mdogo wako akiipata hii kazi ujue na wewe nyumba nzima mmeipata.

MamaJ_Ipagala

Nimesoma yote mpaka nimemwita na yeye asome. Shikamoo mzee wangu. Nimuangalie kitu gani basi nijue anafaa? Ana miaka 19, anavaa miwani, na Kiingereza chake ni cha kuandika zaidi kuliko kuongea.

Mstaafu wa Mnarani

Marahaba mwanangu. Akiwa katikati ya kitu mkatishe, mpe shughuli nyingine ya dakika tano, halafu uone anarudi pale alipoachia au anaanza kutangatanga. Halafu angalia kama ni mtu wa kusema "sijasikia, rudia". Ambaye anaona aibu kuuliza mara ya pili aende kazi nyingine, hilo kulifundisha ni gumu sana. La dukani mpe karatasi aandike kila siku, tuone kama itakuwa tabia.

Leseni haitolewi chini ya miaka 21 kwa hiyo hajachelewa. Miwani sio tatizo ilimradi akiivaa anaona inavyotakiwa, ila uwezo wa kutofautisha rangi watampima, akapime mapema asije kufika mbali ndo akaambiwa. Chuo ni cha Mamlaka ya Usafiri wa Anga, kiko Dar, na akimaliza hapo bado atakaa na mkufunzi pembeni yake kwenye kituo atakachopangiwa, akihamishwa kituo anaanza kujifunza anga ya pale upya. Kiingereza kinapimwa kwa kuongea na kusikia, kiwango cha 4 kwenda juu, na ukiwa kiwango cha 4 unarudia kupimwa kila miaka mitatu, kwa hiyo hapo ndo aanze leo, aongee kwa sauti, akosee, arekebishwe. Akitaka kuniuliza zaidi aandike yeye mwenyewe hapa, nitamjibu.