Tupeane uzoefu: fyuzi inayokatika kila ukiweka mpya

FundiKoboko: Wakuu, andikeni dalili, pa kutazama na namna ya kupima. Naanza na kipimo. Usimalize pakiti nzima ya fyuzi kwa kubahatisha. Chukua balbu ya breki ya 12V, wati 21, ifunge waya mbili, uichomeke mahali pa fyuzi. Ikiwaka kwa nguvu zote, kuna shoti. Balbu hiyo hupitisha kama ampea 1.75 tu, kwa hiyo waya za gari haziungui wakati unatafuta. Sasa chomoa plagi moja moja na kutikisa waya. Pale inapofifia ghafla, umefika.

Dada wa Ndeeba: Sawa kaka, ila kwa taa kubwa na feni ya hewa balbu hiyo itawaka sana hata kama hakuna ubaya wowote, maana mzigo wenyewe ni mkubwa. Chomoa kwanza balbu za mbele au plagi ya mota. Ikibaki inawaka, hapo ni waya.

Waya Mbili: Fyuzi ya taa za nyuma kwenye magari yenye mlango wa kufunguka juu, kama HiAce na Fielder: anzia kwenye ule mpira unaopitisha waya karibu na bawaba. Vuta mpira nje, usitazame juu juu tu. Utakuta plastiki imepasuka pale waya zinapojikunja, shaba iko wazi na mara nyingi imeota kijani. Kusokota na tepu hakudumu, mlango utaikunja tena. Kata sehemu mbovu, unga waya laini wa nyuzi nyingi wa unene uleule, lehemu, funika kwa mpira wa kunywea kwa moto. Viungo visikae mahali pamoja, na uache waya ulegee kidogo. Baada ya hapo kagua soketi ya tela na taa ya namba.

Boda_Gulu: Je, nikiweka fyuzi ya kijani palipokuwa na ya bluu?

FundiKoboko: Bluu ni ampea 15, kijani ni ampea 30. Ukifanya hivyo waya ndio unakuwa fyuzi, na unaungulia ndani ya dashibodi. Kwa pikipiki, tazama shingoni, usukani unapogeukia: zungusha kushoto na kulia huku ile balbu ya kupimia imechomekwa.

Dada wa Ndeeba: Muda nao unasema. Ikikatika papo hapo, ni shoti kamili. Ikikatika baada ya dakika kadhaa, mota inavuta kupita kiasi: bushi za feni zimekwisha, au pampu ya mafuta imechoka. Pima ampea kabla ya kununua mota nyingine. Ikikatika ukiweka rivasi tu, fuata waya wa swichi ya giaboksi. Na fyuzi ya EFI (mfumo wa umeme unaopulizia injini mafuta) inayokatika injini ikishapata moto, ingia chini utazame waya wa sensa ya oksijeni; klipu ikikatika kwenye barabara za murram, waya hulala juu ya egzosi na kuyeyuka.

Waya Mbili: Msisahau soketi ya kiberiti. Sarafu ya shilingi ikidumbukia humo, fyuzi inakatika kila mara na fundi anafungua dashibodi bure. Toa fyuzi kwanza, ndipo uichokoe.