Mama ana sukari, anataka kwenda kwa mtaalamu wa tiba lishe Mtwara: ajiandaeje?

Chuno_Juu:
Wakuu, shikamooni. Mama ana miaka 54, ana sukari na presha. Anatumia metformin mg 500 asubuhi na jioni, glibenclamide mg 5 asubuhi, na amlodipine ya presha. Anataka kumwona mtaalamu wa tiba lishe asilia hapa mjini. Aende na nini, na akwepe nini? Chakula chake ni ugali wa muhogo, samaki wa nazi na kisamvu, na msimu huu korosho haziishi mdomoni.

Kidonge_Kusini:
Marahaba. Abebe dawa zenyewe na paketi zake, maana "kile kidonge cheupe" hakimsaidii mtu. Achukue pia kadi ya kliniki na majibu ya karibuni: sukari ya kufunga (baada ya kukaa muda wa saa 8 bila kula), HbA1c (wastani wa sukari kwenye damu kwa miezi 2 hadi 3, inayosomwa kwenye chembe nyekundu za damu), kreatinini (kipimo cha figo) na wingi wa damu. Kama ana selimundu au upungufu wa damu, mjue kwamba HbA1c inaweza kudanganya.

Glibenclamide ndiyo ya kuikazia macho. Inalazimisha kongosho kutoa insulini, homoni ya kushusha sukari, hata kama mtu hajala. Akiambiwa afunge siku 3 kwa juisi "kusafisha mwili" huku kidonge kinaendelea, sukari itaporomoka: jasho jembamba, kutetemeka, maneno kupishana. Mashine ya kupima sukari kwa kidole ikisoma chini ya 3.9 (mmol/L), mpeni vijiko vya chai 4 vya sukari kwenye maji, mpimeni tena baada ya dakika 15, halafu ale chakula. Kama hajitambui, msimtie kitu mdomoni, kimbizeni hospitali.

Metformin peke yake ni nadra kuleta hayo. Ila ikitumiwa miaka mingi hupunguza vitamini B12, kwa hiyo ganzi ya miguu msiitupie sukari moja kwa moja.

Lishe_Lindi:
Kabla ya kwenda aandike mlo wake wa siku 3, mbili za kawaida na moja ya wikiendi au ya shughuli. Saa, chakula, kipimo. "Ugali kidogo" si kipimo. Ugali upimwe kwa ngumi yake, mchuzi kwa upawa, sukari na mafuta kwa kijiko. Kinachosahaulika kila mara ni kuonja jikoni, na zile korosho zilizofungwa kwenye pindo la kanga.

Korosho hazipandishi sukari kwa kasi. Gramu 30, yaani punje kama 18, zina kilokalori 160 hivi. Tatizo ni konzi ya tano, na chumvi kwa mwenye presha. Juisi ya mabibo, yale matunda ya mkorosho, ni sukari ya kunywa. Uraka, pombe ya mabibo, ndio kabisa asiuguse na glibenclamide: pombe huzuia ini kutengeneza sukari mpya.

Ugali wa muhogo hauhitaji kufukuzwa mezani. Ngumi moja, samaki kiasi cha kiganja, mboga nusu sahani, na tui zito lipungue. Muhogo una protini kidogo mno, kwa hiyo kunde, choroko au mbaazi ziwepo. Mtaalamu anayemwandikia mama wa Chuno mbegu za chia na mafuta ya zeituni, huku ufuta na mbaazi vimejaa sokoni, huyo hajamsikiliza.

Na juisi ya kisamvu kibichi ya "kuongeza damu", hapana! Majani ya muhogo yana sumu ya sianidi. Yatwangwe, yachemshwe vizuri, sufuria ikiwa wazi ili sumu itoke na mvuke.

Mwenge_Masasi:
Niongezee la usajili. Baraza la Tiba Asili na Tiba Mbadala, chini ya sheria ya 2002, husajili mganga, kituo na dawa, kila kimoja kivyake. Cheti cha ukutani hakisajili chupa iliyo kabatini. Mkiwa na shaka, mratibu wa tiba asili yupo chini ya Mganga Mkuu wa Halmashauri. Na afisa lishe wa halmashauri yupo pia, watu wanamsahau.

Mashine ya kushika mkononi inayodai kusoma figo, ini na vitamini zote kwa dakika moja, msiilipie. Kreatinini hupimwa kwenye damu.

Kila chupa muulize: mmea gani, kipimo gani, siku ngapi? Mshubiri wa kuharisha humpotezea mtu madini ya potasiamu, na unaweza kushusha sukari juu ya ile iliyoshushwa na kidonge. Mtaalamu akimwambia mama aache dawa za hospitali ndipo aanze za kwake, ageni hapo hapo.

Chuno_Juu:
Ahsanteni sana. Atajuaje kama mlo unamfaa?

Lishe_Lindi:
Apime kidole kabla ya kula na saa 2 baada ya kula, siku chache kila wiki, aandike pembeni ya mlo. Arudi baada ya wiki 2 hadi 4 na daftari hilo. HbA1c isubiri miezi 3, kwa sababu chembe nyekundu za damu huishi siku 120 hivi. Anayeahidi kuishusha kwa wiki mbili anauza maneno. Sukari ya asubuhi ikianza kukaribia 4, daftari liende kwa daktari wa kliniki ili yeye ndiye apunguze glibenclamide.