Kaka yangu anakunywa maji hadi anatapika. Nifunge bomba?

DadaKayole: Wakuu, naombeni ushauri. Kaka yangu ana skizofrenia, ugonjwa wa akili, tangu kidato cha nne. Dawa anatumia, hana fujo. Lakini maji! Mtungi wa lita 20 haufiki jioni. Nikificha kikombe anachota kwenye ndoo ya kufulia. Asubuhi ni mzima, jioni anapepesuka kama mlevi. Nataka nitie bomba kufuli, nimfungie ndani nikienda kazini.

Githurai_Mwisho: Kayole mna maji ya kumaliza hivyo? Kwetu bomba linakohoa tu.

MamaPacha: Usimfungie mtu. Shangazi yangu alifungiwa hivyo, jiko likashika pazia, majirani wakavunja mlango. Hadi leo hapiki. Na maombi mmefanya?

NesiMstaafu: Kiu hii tuliiona sana wodi za akili. Figo hazimudu zaidi ya lita moja hivi kwa saa. Akizidisha, sodiamu, yaani chumvi ya damu, inashuka chini ya kiwango cha kawaida, 135 mmol/L, ubongo unavimba. Amewahi kuanguka? Anatumia dawa gani?

DadaKayole: Sindano ya kila mwezi na Artane, vidonge vya kuzuia mtetemeko wa sindano.

NesiMstaafu: Artane hukausha mdomo, ila usimwachishe mwenyewe. Hujajibu la kuanguka.

DadaKayole: Jumapili alianguka akatetemeka, povu mdomoni. Lakini aliamka! Nikampa maji ya chumvi. Hospitali watamlaza, na bili ya juzi bado tunalipa. Kufuli nishanunua.

Mpelelezi: Uzi wa kutunga huu. Kifafa kizima unakisahau? Na maji yangekuwa yanaua, sisi wa glasi nane kwa siku tungeshazikwa. Leta picha.

MamaPacha: Picha ya mgonjwa uifanyie nini?

Mpelelezi: Nauliza tu.

NesiMstaafu: Hata ukiwa wa kutunga, kuna anayesoma hapa na mgonjwa wa aina hii nyumbani. Dada, chumvi acha. Sodiamu ikipanda haraka huharibu ubongo, hata hospitalini huipandisha polepole. Mpeleke dharura leo, hospitali ya Mama Lucy si mbali nawe. Apimwe sodiamu na sukari pia. Akitulia, awe anapimwa uzito asubuhi na jioni: mtu wa kilo 60 akiongeza kilo 3 kwa siku, hayo ni maji. Kuna wanaobadilishiwa dawa ya akili kuwa klozapini na kiu ikapungua, lakini hilo ni la daktari wake.

DadaKayole: Jirani ametuletea teksi. Kaka amekumbatia chupa yake ya maji, nimnyang'anye?

NesiMstaafu: Mwachie, ila isijazwe tena njiani. Na ukifika, la Jumapili ulitaje kabla hawajakuuliza.