Waliofika Great Zimbabwe kwa basi, peke yao, kwa hela ndogo: tupeane uzoefu

MwalimuMwanga
Habari zenu ndugu zangu wa mwisho wa reli, na nyie wa Tabora. Nafundisha historia sekondari hapa Kigoma. Wiki iliyopita nilikuwa ubaoni nachora ule ukuta mkubwa wa Great Zimbabwe, mji wa kale wa mawe ulioko Zimbabwe, kama ninavyouchora kila mwaka, nikawaambia wanafunzi mawe yale yamepangwa bila udongo wala saruji. Binti mmoja wa dawati la nyuma akanyoosha mkono: "Mwalimu, umewahi kuyashika?" Nikamjibu hapana. Tangu siku hiyo swali lake linaniamsha usiku.

Nimeamua niende likizo ya Juni, peke yangu. Mume wangu ana duka halifungiki, na mashoga zangu wote niliowagusia wameniuliza kama nina homa. Akiba yangu ya kikoba ni milioni moja na nusu, na humo humo kuna kwenda, kulala, kula na kurudi. Ndege siwezi. Njia niliyoichora: Kigoma, Mpanda, Sumbawanga, Tunduma, naingia Zambia mpaka Lusaka, navuka mpaka wa Chirundu, Harare, Masvingo. Naomba waliopita huko wanieleze yaliyowakuta, hasa yale mabaya. Uzuri wa magofu nimeshausoma.

Kijana wa Gungu
Nimekaa hapa nasikiliza. Na mimi nina ndoto hiyo.

Utingo Mstaafu
Mwalimu shikamoo. Mimi ni wa Tabora, Isevya. Nilikuwa utingo wa lori la Zambia miaka sita, naomba unisikilize kwa jambo moja tu: hela zako usibadilishe barabarani Nakonde.

Tunduma na Nakonde ni kama mji mmoja uliokatwa kwa mstari wa mpaka. Ukishuka tu kwenye basi vijana wamekuzunguka na mabunda ya kwacha, wanakuita mama, wanakushika begi. Anakuhesabia mbele ya macho yako. Unahesabu mwenyewe, inatimia. Halafu anasema ngoja nihakikishe mara ya mwisho, anazihesabu haraka, anakukabidhi bunda limekazwa na mpira. Ukifika Lusaka ukilifungua unakuta noti za katikati zimekunjwa, moja umehesabu mara mbili. Nimeona mtu mzima analia kituo cha basi kwa ajili hiyo. Badilishia benki, au duka lenye dirisha na risiti, basi.

Tena ukivuka pale saa inarudi nyuma saa nzima, na simu inajibadilisha yenyewe. Ukiambiwa muda wa basi, uliza ni wa huku au wa kule.

Mama Mawese
Hizo za kukunjwa! Zilinikuta nikiwa na mtoto mgongoni. Kila alichosema Utingo ni kweli tupu.

Mwalimu, kabla hujasahau: kadi ya njano ya chanjo ya homa ya manjano. Mimi niliulizwa mpakani na sikuwa nayo, nikahangaika nusu siku. Chanja siku kumi au zaidi kabla ya safari, na ukishachanja mara moja ni ya maisha, kadi itunze. Pasi ya kusafiria ni 150,000, nayo ianze sasa, usisubiri Mei. Viza sisi Watanzania hatuhitaji, si Zambia wala Zimbabwe.

Mwana wa Ng'ambo
Samahani, lakini mimi nina neno tofauti. Mwalimu, Kilwa Kisiwani umefika? Engaruka umefika? Maana watu wa kwetu tuna tabia ya kuruka magofu yaliyo mlangoni, tunakwenda kumwaga hela kwa watu. Hata Ujiji hapo, penye ule mwembe wa Livingstone, wanafunzi wangapi wa Kigoma wamepelekwa?

MwalimuMwanga
Kaka yangu, Kilwa nimekwenda, na Kilwa ndiyo iliyonisukuma huku. Ndani ya Great Zimbabwe ilichimbuliwa sarafu ya shaba ya Sultani al-Hasan bin Sulaiman wa Kilwa, wa karne ya 14. Dhahabu ya bara ilishuka bandari ya Sofala, ikapanda pwani mpaka Kilwa, na shanga na vyombo vya China vikarudi ndani. Kwa hiyo nataka kuufuata uzi huohuo hadi mwanzo wake.

Na Ujiji umeitaja vizuri. Stanley alimkuta Livingstone Ujiji mwaka 1871. Mwaka huohuo Mjerumani Karl Mauch alifika Great Zimbabwe, akakata kipande cha mbao ya mlangoni, akakilinganisha na penseli yake, akasema huu ni mwerezi wa Lebanoni, basi jengo ni la Malkia wa Sheba. Kwa penseli! Miaka mingi watu waliaminishwa kwamba mababu wa Washona, wenyeji wa Zimbabwe, hawakuweza kujenga vile, mpaka wanaakiolojia waliochimba pale, MacIver mwaka 1905 na Caton-Thompson mwaka 1929, waliposema wazi kuwa ni kazi ya Waafrika. Hilo nalifundisha kila mwaka, na kila mwaka linaniuma.

BintiUjiji
Dada nenda. Jina lenyewe ni la kwetu: dzimba dza mabwe. Nyumba za mawe. Hata kamusi huhitaji.

Fundi Cheyo
Kwa nini ahangaike Mpanda na Sumbawanga? Apande treni Kigoma mpaka Dar, TAZARA mpaka Kapiri Mposhi, analala chini anaamka Zambia. TAZARA ni kilometa 1,860, unaziona zote dirishani.

Utingo Mstaafu
Fundi, mtu yuko Kigoma unampeleka Dar ili aje arudi Tunduma? Tazama ramani. Umemwongezea siku tatu na hela ya kula.

Fundi Cheyo
Usalama wa mama peke yake je? Treni ina behewa la kulala, mlango unafungwa. Basi la usiku lina nini?

Mama Mawese
Jamani msimgombanishe mwalimu na safari yake. Barabara ya Mpanda inafaa, mimi napitisha mawese huko. Akiwa na muda na hela apande treni, akiwa na haraka apande basi.

Mgebuka wa Kibirizi
Chirundu. Mwalimu, ulipoliandika hilo jina nimesikia tena harufu ya moshi wa malori.

Mimi ni fundi wa mitumbwi. Kazi yangu ni kupachika mbao na mbao maji yasipite. Nilipoambiwa kuna watu walipachika mawe bila kitu katikati, na ukuta unasimama mpaka leo, nilisema lazima niuone kabla macho hayajachoka. Nilikwenda Julai 2018, peke yangu, sijamuaga mtu zaidi ya mama.

Kutoka Lusaka nilipanda basi la Harare. Chirundu kituo ni kimoja: ukitoka Zambia unavuka kwanza daraja la Zambezi, mihuri yote miwili unagongewa upande wa Zimbabwe. Tulifika giza linaingia, foleni ndefu. Nikagongewa, nikaona abiria wenzangu bado wamesimama, nikasema niende msalani mara moja. Niliporudi basi halipo. Nilitembea kati ya malori nikidhani limesogezwa, nikauliza, nikakimbia mpaka geti la kutokea. Limeondoka. Begi langu liko humo, na dola 140 nilizishonea kwenye pindo la shati lililo ndani ya begi. Mkononi nina pasi, kwacha za kununulia mkate, na simu haina laini ya huko.

Ndugu zangu, nimelala ziwani kwenye dhoruba, mtumbwi umejaa maji, sikuogopa vile. Ziwani unajua cha kufanya. Pale sikujua. Nilikaa kwenye ukingo wa saruji, na kulikuwa na tembo ng'ambo ya barabara anavunja matawi taratibu, watu wanapita tu kama ng'ombe wa jirani.

Karibu yangu alikaa mama mmoja wa Kizimbabwe juu ya marobota ya vitenge, anasubiri mzigo wake utolewe forodhani. Akaniangalia. Kiswahili chake chote kilikuwa cha Kariakoo: bei gani, punguza, mzigo, kesho, hakuna shida. Nilimwonyesha pasi, nikaonyesha barabara tupu, nikashika mgongo penye begi. Akaelewa. Akapiga simu moja, ya pili, ya tatu, anaongea Kishona kwa ukali. Mwisho akanigeukia akasema, "Mzigo Harare. Kesho. Hakuna shida." Hapo machozi yalinitoka, na mimi si mtu wa kulia.

Alinimegea mkate wake na kuku. Saa tano hivi akasimama, akapita lori kwa lori anasoma namba, mpaka akakuta la Tanzania. Dereva akashuka, akanitazama, akaniamkia kwa Kinyamwezi. Mtu wa Urambo! Yule mama akaniwekea dola 20 kwenye kiganja, akanifunga vidole, akarudi kukaa juu ya marobota yake. Alfajiri tulikuwa Harare. Begi lilikuwa ofisini kwa wenye basi, pindo halijaguswa.

Nilikwenda kituo cha mabasi cha Mbare nikapanda la Masvingo, kisha kombi, daladala yao, hadi Nemanwa, pale unamalizia kwa miguu. Mwalimu, mwambie yule binti wa dawati la nyuma hivi: ukuta wa nje una mita 11 kwenda juu na unene wa mita 5 chini, na unapopanda unaegemea ndani kidogo, kama ubavu wa mtumbwi. Mawe ni ya itale, yanabanduka kwenye majabali kwa jua na baridi, wakayasaidia kwa moto, yakatoka bapa kama matofali. Chini wameacha matundu ya kutolea maji. Nilipiga magoti nikaingiza mkono kwenye tundu moja. Fundi aliyeacha lile tundu alijua kwamba maji ukiyafungia ndani yatakuja kukuangusha. Nilikaa pale mpaka mlinzi akanifuata.

Kinachonisumbua ni ile dola 20. Nilipokuwa narudi nilishuka Chirundu nayo mkononi, sikumkuta. Alijitaja kwa jina la mwanawe, Mai fulani, kama sisi tunavyosema Mama fulani. Jina la mtoto limenitoka. Nimejaribu miaka yote hii, halirudi.

Kijana wa Gungu
Mzee umeniliza.

BintiUjiji
Mai nani? Jaribu kukumbuka herufi ya kwanza. Washona wana Tendai, Tinashe, Tatenda, Farai, Rudo...

Mgebuka wa Kibirizi
Yote hayo nimeyasoma kwa sauti. Kila moja linafanana.

Mama Mawese
Alikuwa mnene au mwembamba? Mabega? Hao wanunuzi wa vitenge nawafahamu kidogo, wanashuka Tunduma, wengine wanafika Kariakoo.

Mgebuka wa Kibirizi
Mrefu, ana mwanya, sweta la kijani. Begani alikuwa na mfuko wa plastiki wenye viatu vya shule vya mtoto, vipya.

Mwana wa Ng'ambo
Ushauri wangu, ile hela mpe mama mwingine yeyote pale mpakani, utakuwa umelipa.

BintiUjiji
Hapana. Hilo ni deni lenye mwenyewe. Kwetu Ujiji tunafundishwa umtafute kwanza mpaka ushindwe kweli, ukishindwa ndipo unaitoa sadaka kwa niaba yake. Kijana wa watu amemtafuta mara moja tu.

Mwana wa Ng'ambo
Mara moja kwa kilometa zaidi ya elfu mbili, dada! Muonee huruma.

BintiUjiji
Namuonea. Ndiyo maana sitaki afe na hilo jina moyoni.

Utingo Mstaafu
Nasimama nanyi wote, ila Mwalimu nakuomba usije ukajifunza kwamba lori la usiku ni la kupanda. Huyu ni mwanaume na alipata mtu mwema. Wewe ukiachwa na basi, kaa penye taa, karibu na askari wa geti, usubiri asubuhi. Na kabla ya kwenda msalani mwambie konda na jirani yako wa kiti. Waambie wote wawili.

Fundi Cheyo
Hela weka kwenye soksi.

Mama Mawese
Soksi ndipo wanapoanza kutafuta. Gawa mara tatu: nyingine mwilini, nyingine kwenye kopo la dagaa wakavu, nyingine begini. Na beba dola ndogondogo, za moja na za tano. Zimbabwe ukitoa noti kubwa chenji inakuwa kesi, utarudishiwa peremende au hela yao ya ZiG ambayo ukishavuka huku haikusaidii.

MwalimuMwanga
Nimeyasoma yote mara mbili, na mume wangu nimemsomea sehemu ya Chirundu. Amenyamaza kwa muda, halafu akasema nimtafutie namba ya ofisi ya pasi. Sikutegemea.

Fundi wa Kibirizi, kaka yangu, mimi Juni nitapita pale kwenda na kurudi. Nipe hiyo dola 20 pamoja na barua fupi. Nitakaa penye marobota niwaulize akina mama wote: nani alimpandisha fundi wa mitumbwi wa Tanzania kwenye lori la mtu wa Urambo, mwaka 2018, usiku wenye tembo, akiwa amebeba viatu vya shule? Kisa kama hicho mwenyewe hawezi kukisahau.

Mgebuka wa Kibirizi
Mwalimu, noti ninayo ileile. Sikuitumia, niliiweka ndani ya msahafu wa mama. Jumamosi nakuja Mwanga sokoni, upande wa dagaa, saa tatu asubuhi. Nitakuja na mgebuka mkavu wa njiani, na mmoja wa ziada ni wake.

BintiUjiji
Na mimi nakuja na kitenge. Mwambie ni kutoka Ujiji.

Kijana wa Gungu
Mwalimu, hilo basi la Mpanda linaondoka saa ngapi? Nauliza ya Juni.