Nimemaliza utawala wa umma na sera: serikalini nianzie wapi?

Mhitimu_Mpya
Habari zenu wakuu. Nimemaliza shahada ya utawala wa umma na sera, na serikalini nataka kwenda kwa moyo wote. Mwenzangu aliyesoma uuguzi anajua anaenda wodini. Mimi kwenye matangazo ya ajira naona ofisa tawala, ofisa utumishi, ofisa mipango, mchambuzi wa sera, na karibu zote nina sifa. Niombe ipi kwanza? Na ni kweli ukianzia serikali za mitaa unasahaulika hukohuko?

Kasma
Mdogo wangu, mimi ni mtu wa mipango na bajeti, na mwamba ngoma huvutia kwake, kwa hiyo nipime ukijua hilo. Omba mipango. Hapo ndipo utaona fedha inavyogeuka huduma, au inavyokwama.

Chukua jokofu la chanjo kwenye kituo cha afya. Fedha ya kulinunua imetoka bajeti ya maendeleo, pengine na mfadhili ametia mkono. Lakini umeme, vipuri na posho ya fundi vinatoka kwenye matumizi ya kawaida, jedwali jingine, linaloandaliwa na watu wengine katika kikao kingine. Wasipokaa pamoja, jokofu linakuja na pesa ya kuliendesha haipo. Mwaka unaofuata limezima, na chanjo zinafuatwa mbali. Ofisa anayeyafungua majedwali yote mawili na kuyasoma sambamba ndiye anayeliona tatizo kabla mtoto hajarudishwa nyumbani bila chanjo. Kazi hiyo umeisomea wewe, maana mhasibu atakwambia hesabu zimekaa sawa, na kweli zimekaa sawa.

Serikali za mitaa nenda bila woga. Wizarani unaweza kukaa muda mrefu ukiandika mihtasari ya vikao. Kule watu ni wachache, kwa hiyo utashika mpango, takwimu na ufuatiliaji kwa pamoja, na utasimama mbele ya madiwani wakuulize kwa nini barabara ya kata yao imerukwa. Ukija kuandika sera baadaye, utawakumbuka.

Ofisa_Utumishi
Kaka Kasma kasema vizuri, ila utumishi nao msiuone kazi ya mafaili ya likizo. Anayeandaa ikama, yaani hesabu ya watumishi wanaohitajika kila kituo, ndiye anayeamua shule ipi ipate mwalimu na ipi ingoje.

Mdogo wangu, jiandae na usaili wa kuandika. Hapo wahitimu wa sera wanaangukia sana: wanaambiwa waandike dokezo la ukurasa mmoja, wao wanaandika insha. Weka jambo lenyewe, usuli kwa kifupi, njia zilizopo na gharama zake, kisha pendekeza moja na uweke wazi nani afanye nini. Na mtihani usiuchukie. Marekani vyeo viligawiwa kwa kujuana mpaka Rais Garfield alipopigwa risasi mwaka 1881 na mtu aliyekosa cheo alichokitaka. Sheria ya kuajiri kwa mitihani ikapita 1883. Kwa mtoto asiye na mjomba serikalini, mtihani ule ndio mlango wake.

Mkaguzi_Kijana
Ongezeni ofisi ya ukaguzi wa hesabu za serikali. Ukaguzi wa ufanisi unauliza kama mradi umeleta kilichokusudiwa, na huko wachambuzi wa sera wanahitajika. Hata sekretarieti za kamati za bunge.

Mhitimu_Mpya
Asanteni sana, mmenifungua macho. Naelekea mipango. Wakati nasubiri tangazo nifanye nini?

Kasma
Tafuta vitabu vya bajeti vilivyochapishwa, chagua wizara moja, linganisha makadirio na matumizi halisi ya miaka mitatu. Penye pengo kubwa, tafuta sababu. Kisha andika dokezo la ukurasa mmoja kama dada alivyokuelekeza, ulibebe siku ya usaili. Ukikwama kwenye majedwali, uliza hapahapa, nitakujibu.