Kwa wauza diski za Bruce Lee: mtu kaacha filamu nne na kipande, hizo 20 mnazouza mmezitoa wapi?

Wakuu, heshima kwenu. Mods naomba msiuhamishie uzi huu kwenye matangazo madogo, sina ninachouza. Mimi ndiye niliyeuziwa. Nimepigwa laki tatu na themanini na tano, na nimekaa nayo wiki nzima rohoni, leo natapika.

Mzigo wenyewe uko mezani hapa naandika naukodolea macho. Ni boksi la Criterion, kampuni ya Marekani inayotoa filamu za zamani kwenye diski, toleo la 2020, diski saba za Blu-ray, filamu za Bruce Lee. Orijino kabisa, sina ubishi, nimelikagua mpaka gundi. Criterion hawajanikosea kitu. Aliyenikosea ni jamaa mmoja wa mtandaoni, jina namhifadhia, ambaye nilimwandikia neno kwa neno: "Mkuu, hii inacheza kwenye deki za hapa Bongo?" Akajibu ndani ya dakika moja: "Popote boss, hiyo ni OG."

Nikatuma hela. Siku tisa baadaye mzigo ukafika. Nikaoga, nikala mapema, watoto nikawaambia leo baba ana kikao. Nikaweka diski ya kwanza. Deki ikanguruma, ikatulia, kioo kikawa cheusi, maandishi meupe yakatokea katikati: diski hii hairuhusiwi katika eneo lako. Nikaitoa nikaifuta kwa shati. Nikairudisha. Yaleyale. Saa tatu usiku nikachukua bodaboda hadi kwa mdogo wangu mwenye PS4. Yaleyale. Mdogo wangu akacheka mpaka akakaa chini.

Kwa asiyejua: kwenye Blu-ray dunia imekatwa mapande matatu. A ni Marekani, Japani, Korea, Hong Kong na majirani zao. B ni Ulaya, Mashariki ya Kati, Australia na Afrika yote. C ni China bara, India, Urusi. Boksi langu ni A, na herufi hiyo imechapwa nyuma ya kava, ndogo kama mbegu ya mchicha. Mnunuzi wa mara ya kwanza hawezi kuijua. Muuzaji anayeuza boksi la laki nne kasoro lazima aijue, na kama haijui arudi kuuza chaja. DVD ndiyo balaa zaidi: huko sisi tuliwekwa namba 5 pamoja na Urusi na India, halafu Misri na Afrika Kusini wakapelekwa namba 2 kukaa na Ulaya. Diski za 4K peke yake, zile za picha kali kuliko Blu-ray ya kawaida, ndizo hazina kufuli hili.

Sasa mtasema, mkuu, hasira zote hizi za diski tu? Hapana. Hasira hizi zina umri wa miaka thelathini.

Mimi nimekulia Morogoro, kibanda umiza chetu kilikuwa nyuma ya mashine ya kusaga. TV ya chogo inchi 21, mabenchi, moshi wa sigara, na mwenye kibanda mwenyewe ndiye mtafsiri. Ubao wa nje umeandikwa kwa chaki: LEO BRUCE LEE. Unaiba hamsini ya chumvi, unaingia. Steringi anatokea, miwani myeusi, anafuta pua kwa kidole gumba, anapiga ukunga. Sisi tunashangilia. Miaka imepita, nimekuwa mtu mzima, nimeanza kufuatilia, nikagundua nusu ya wale hawakuwa Bruce Lee. Walikuwa Bruce Li. Bruce Le. Dragon Lee. Baada ya mwenyewe kufariki Hong Kong tarehe 20 Julai 1973, akiwa na miaka 32, watengenezaji walikusanya kila kijana mwenye nywele za aina ile wakampa jina la kufanana. Kuna hadi moja ya 1980 inaitwa The Clones of Bruce Lee, angalau hao walisema ukweli kwenye kava.

Kwa hiyo mtu akiniandikia tangazo la "Bruce Lee Filamu 20 Kamili", damu inachemka. Hesabu hii siyo ngumu. Akiwa mtu mzima, filamu alizozimaliza akiwa yeye ndiye steringi ni nne: The Big Boss ya 1971, iliyopigwa Thailand. Fist of Fury ya 1972. The Way of the Dragon, 1972 hiyohiyo, ambayo aliandika na kuongoza mwenyewe. Enter the Dragon ya 1973, ambayo ilianza kuonyeshwa Marekani yeye akiwa amefariki karibu mwezi mzima. Basi. Najua mjuaji mmoja atakuja hapa kusema alicheza filamu nyingi utotoni Hong Kong, na alikuwa Kato kwenye tamthilia ya TV ya The Green Hornet mwaka 1966, na kuna filamu ya Marlowe ya 1969. Sawa, shikamoo mwalimu. Lakini kwenye hizo diski za 20 kwa moja hutaikuta hata moja ya utotoni. Utamkuta Bruce Li.

Na kile kipande ni Game of Death. Hii ndiyo inaniuma kuliko zote. Alianza kuipiga 1972, akaiweka kando kwenda kufanya Enter the Dragon, hakurudi. Mwaka 1978 wakaitoa kwa kuokoteza: hadithi mpya, watu wa kumwigiza kwa mgongo, na kuna sehemu, naapa, wamebandika picha ya uso wake kwenye kioo cha kujitazamia halafu mtu mwingine akakaa mbele yake. Wakatia na picha za msiba wake wa kweli, jeneza liko wazi. Bruce Lee mwenyewe unamwona dakika kama kumi na moja tu mwishoni, ovaroli la njano, akipanda ghorofa hadi kwa Kareem Abdul-Jabbar, lile jitu la mpira wa kikapu. Ila alikuwa amepiga zaidi ya nusu saa ya mapigano yale! Ikaja kuonekana mwaka 2000 kwenye dokumentari ya A Warrior's Journey. Kwa hiyo ukinunua Game of Death bila nyongeza ya zile picha zake alizopiga mwenyewe, umenunua picha la marehemu lililochezwa na watu wengine. Muuzaji atakwambia hilo? Thubutu.

Niwape mfano mmoja wa kwa nini toleo ni jambo la kugombania. The Way of the Dragon, pambano la Colosseum, Roma, Bruce Lee na Chuck Norris. Picha ile ilipigwa pana. Kibandani kwetu mkanda ulikuwa umekatwa pembeni ili ujae kwenye TV ya mraba. Nilichokuwa naona kwa sehemu kubwa ni ukuta wa mawe katikati, bega la mmoja kushoto na pua ya mwingine kulia. Halafu kale kapaka. Miaka yote nikiona kapaka kanakatisha katikati ya pambano nikidhani ni kosa la mtafsiri kabadilisha mkanda! Nilipoiona pana kwa mara ya kwanza, kwa rafiki, ndipo nikaelewa: kamekaa kanawatazama, na wale wawili wananyoosha viungo taratibu kila mtu upande wake, kama watu wanaoheshimiana kabla ya kuuana. Kuna pale Bruce anamng'oa Norris manyoya ya kifuani anayapuliza. Kwenye mkanda wetu mkono ulikuwa nje ya picha. Tulidhani anampulizia dawa.

Na sauti pia. Filamu tatu za kwanza zote zimeingiziwa sauti, iwe Kimandarini, Kikantoni au Kiingereza, kwa hiyo anayeongea siyo yeye. Ukitaka kumsikia akizungumza mwenyewe ni Enter the Dragon. Lakini angalau acha zile sauti za zamani za spika moja! Matoleo kibao ya DVD yamepikwa upya, ngumi inalia kama mlango wa daladala. Majina nayo ni vurugu: Wamarekani waliipa The Big Boss jina la Fists of Fury, halafu Fist of Fury wakaiita The Chinese Connection. Kuna mtu humu aliwahi kulalamika kauziwa filamu moja mara mbili. Pole mkuu, ndiyo sababu.

Rangi sigusi sana, ila hata boksi langu hili la laki nne watu huko nje wanalalamikia unjano wake. Mimi ningependa kulalamika pia, kama lingecheza.

Kwa mtu wa huku mwenye hela ya kweli, nilichokuja kujua baada ya kuumia: kuna boksi la kampuni ya Arrow ya Uingereza, Bruce Lee at Golden Harvest, la 2023, diski za 4K. Ndani yake Enter the Dragon haimo, hiyo ni mali ya studio ya Warner na unaichukua kivyake, nayo ina 4K ya mwaka huohuo wa 2023. Chukua ile yenye matoleo mawili, lile la sinema na lile refu lenye mazungumzo ya mwanzo na mtawa mkuu wa Shaolin. Bila hayo mazungumzo hadithi inachechemea. Deki yako iwe ya 4K lakini, usije ukanifungulia uzi mimi.

Nilimrudia yule jamaa. Siku mbili tiki za bluu, kimya. Siku ya tatu: "Boss tatizo ni deki yako sio diski. Nunua deki ya Marekani." Nikamwuliza anirudishie hata nusu. Kimya tena.

NYONGEZA, saa 4 usiku: kajibu. Nanakili kama ilivyo: "Boss usilalamike sana leta flash nikuwekee zote za Bruce Lee ziko 32 elfu tano tu." Kaambatanisha na picha ya orodha. Ya kwanza juu kabisa ni Exit the Dragon, Enter the Tiger. Hiyo ni ya Bruce Li. Ya 1976.