Mrejesho: Kazi ya kuuza haki za vitabu na leseni za tafsiri

Ndugu zangu, nawashukuru kwa dhati nyote mlionijibu nilipouliza kama mhariri asiye na shahada ya sheria anaweza kuingia katika kazi ya haki za uchapishaji. Anaweza. Sasa nimeajiriwa katika idara ya haki ya mchapishaji mmoja hapa Nairobi, na kilichonisaidia zaidi ni ule ushauri wa kujizoeza kusoma mikataba.

Sehemu kubwa ya kazi ni kuthibitisha kwamba haki tunayotaka kuiuza tunayo kweli, kwa kuwa Mkataba wa Berne wa 1886, yaani mkataba wa kimataifa wa hakimiliki, ambao Kenya ilijiunga nao mwaka 1993, unaiweka haki ya tafsiri mikononi mwa mwandishi, na asipoikabidhi kwetu kwa maandishi inabaki kwake au kwa warithi wake. Leseni yenyewe hutaja lugha, eneo, muda na aina ya toleo. Mchapishaji wa nje hutoa malipo ya awali, ambayo hufidiwa kutoka kwenye mrabaha, yaani sehemu ya mapato ya mauzo anayolipwa mwenye haki. Mimi husisitiza kipengele cha kurejesha haki iwapo tafsiri haitatoka kwa wakati, maana leseni iliyolala humnyima mwandishi wasomaji.

Kuhusu maonyesho ya vitabu ambako haki huuzwa, yale ya Frankfurt, Ujerumani, hufanyika kila Oktoba na miadi hupangwa mapema mno. Kwa vitabu vya watoto, maonyesho ya Bologna, Italia, yanafaa zaidi.

Limebaki swali moja: kwenu, ni nani hugharimia sampuli ya tafsiri, yaani kurasa chache zilizotafsiriwa za kumwonyesha mchapishaji wa nje?